Karatasi tupu: uchambuzi wa kisa cha mti wa ukoo katika familia moja

Kisa hiki ni cha familia ya wanafunzi wangu wawili wa madrasa. Wazazi wameridhia nikiandike. Nimeondoa majina, mahali na kila kinachoweza kumtambulisha mtu, na umri wa watoto nimeusogeza kidogo. Chanzo chake ni kazi ya nyumbani niliyoitoa mimi mwenyewe, kwa hiyo sehemu ya lawama iliyomo humu ni yangu.

Usuli

Nyumba ina baba, mama, bibi mzaa baba na watoto wanne. Binti mkubwa ana miaka 14, anamfuata kaka wa miaka 10, kisha mvulana wa miaka 9 nitakayemwita N., na kitindamimba wa kike wa miaka 6.

N. hakuzaliwa humo. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa. Baba yake, ambaye ni mtoto wa ami yake baba mwenye nyumba, hakuwa na namna ya kulea kitoto kichanga. Mwanawe wa kwanza alimwacha kwa wazazi wa marehemu, N. akamleta kwa binamu yake akiwa na wiki tatu, kisha akaenda kutafuta maisha mbali. Huko akaoa tena. Simu zake mwanzoni zilikuwa nyingi, zikapungua, zikakoma.

Wakati N. anafika, mama wa nyumba alikuwa ananyonyesha. Kaka alikuwa na miezi tisa. Akawanyonyesha wote wawili, na N. akanyonya mwaka na zaidi. Watu wazima wa nyumba ile wote walilijua jambo hili na hakuna aliyeliandika popote. Shuleni N. aliandikishwa kwa jina la baba mlezi, kwa sababu karani aliuliza jina la baba na aliyesimama mbele yake ndiye aliyejibu.

Kuna mtoto mwingine. Baba aliwahi kuoa kabla ya ndoa hii. Ndoa ile ilivunjika ikaacha binti, sasa ana miaka 17, anayeishi na mama yake. Baba hakuacha kupeleka matumizi, lakini watoto wa nyumba hii walikuwa wamemwona dada yao mara tatu tu, na zote tatu ni msibani. Kitindamimba hata jina lake alikuwa hajawahi kulisikia.

Kilichotokea

Darasani tulikuwa tumemaliza nasaba ya Mtume (s.a.w.), yale majina 21 kutoka Abdullah hadi Adnan. Watoto waliyapenda kwa mdundo wake, wakawa wanayaimba njiani wakirudi makwao. Nikaona nisiiache hamu ile ipoe. Siku ya kufunga kwa likizo ya wiki mbili nikaandika ubaoni: "Andika jina lako, la baba yako, la babu yako, uendelee mpaka utakapokwama." Sikuongeza neno. Katika sentensi ile hakukuwa na mama hata mmoja, wala shangazi, wala mtoto anayelelewa na asiyemzaa, na siku ile sikuliona hilo.

Kaka na N. walifanya kazi yao wamekaa ubavu kwa ubavu, wakatoa karatasi mbili zilizotofautiana jina la kwanza tu. Nyumbani alikuwapo mzee mmoja, ndugu wa mwisho aliyebaki wa marehemu babu yao. Mzee huyu ndiye mtunza silsila ya ukoo, yaani mlolongo wa majina ya mababu, na huzunguka na karatasi ndefu iliyonakiliwa mara nyingi. Aliichukua karatasi ya N., akaisoma, akatoa kalamu mfukoni akalikata jina la pili. "Huyu si baba yako," akasema. "Baba yako ni fulani." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwalimu anayesahihisha imla. Kaka alicheka akidhani ni mzaha. N. hakucheka.

Watu wazima waliokuwapo walinyamaza. Nilipowauliza baadaye, kila mmoja aliniambia alikuwa akimngoja mwenziwe aseme.

Habari ilienea, na haikupita wiki. Jamaa mmoja wa kike alimvuta binti mkubwa pembeni akamwambia kwamba, madhali yule mtoto si wa nyumba ile, aanze kujizoeza kujistiri mbele yake kabla hajawa kijana. Binti akaenda kwa mama yake. "Nilimnyonyesha, ni kaka yako," mama akamjibu. Binti akauliza swali ambalo naona ndilo lililofungua kisa chote: "Nani mwingine anajua?" Mama akageuka kumtazama bibi. Na bibi, siku hizo, alikuwa ameanza kuchanganya majina ya wajukuu. Leo anakumbuka, kesho kasahau.

Likizo ilipokwisha N. alinikabidhi karatasi tupu. Nikamwuliza kama alisahau. "Maalim, mimi sijui niandike nini," akasema. Nikamwambia akae, atamalizia kesho. Sikuelewa kitu. Jioni mama yake akanijia, na hata hajaketi akasema, "Maalim, ile kazi yako imetuwashia moto nyumbani."

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa N. aambiwe nini na nani. Baba alitaka wangoje akue kidogo. Mama alitaka usiku uleule. Mimi niliegemea kwa mama, maana mtoto alikuwa ameshaambiwa. Kilichobaki ni kuambiwa vizuri. Niliwaomba tu siku mbili za kupatana maneno, ili asije akasikia hadithi mbili kutoka vinywa viwili. Tukakubaliana waseme wazazi wote wawili, nisiseme mimi wala mzee, na waanze na mama aliyemzaa: jina lake, sura yake, mambo aliyoyapenda, namna alivyomwombea akiwa tumboni. Kisha baba yake. Kisha siku aliyoletwa. Mambo ya hukumu yangoje mwisho.

Nikawapa pia kisa cha Zayd bin Haritha (r.a.), na mama ndiye aliyekisimulia. Zayd alilelewa na Mtume (s.a.w.) na watu wakimwita Zayd bin Muhammad, mpaka ikashuka aya ya 5 ya Surat al-Ahzab inayoagiza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Akarudishiwa jina la Haritha. Mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua, na katika masahaba wote ni yeye peke yake aliyetajwa kwa jina ndani ya Qur'an, katika sura hiyohiyo, aya ya 37. Mama aliniambia kwamba N. alisikiliza kisa chote kimya, kisha akauliza jambo moja: "Nitaondoka?" Wakamwambia hapana. Akaenda kulala.

La pili lilikuwa kazi yenyewe. Niliifuta kwa darasa zima nikaianza upya. Kuna hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Abu Hurayra, ambapo Mtume (s.a.w.) anaagiza watu wajifunze katika nasaba zao kile watakachoungia jamaa zao. Nimeisoma mara nyingi, lakini wiki ile ndiyo nilipokiona kipimo chake. Hatukuambiwa tujifunze nasaba hadi ikome. Tumeambiwa tujifunze kiasi cha kuunga. Mti niliowaagiza watoto ulikuwa unapanda juu kwa wafu ilhali jamaa wa kuungwa wako pembeni, wengi wao hai, na nusu yao ni wanawake.

Mti mpya ukaanza na mtoto katikati ya karatasi. Kwanza wazazi wote wawili, kisha ndugu wa tumbo moja, wa baba mmoja na wa mama mmoja, kisha ami, shangazi, mjomba, mama wakubwa na mama wadogo, na watoto wao, ndipo babu na bibi wa pande zote mbili. Damu ikapewa mstari mmoja, ndoa mistari miwili, kunyonya ikapewa nukta nukta. Kulea hakukupata mstari. Badala yake kila mtoto alichora duara kuwazunguka wanaokaa nyumba moja naye. N. akawa ndani ya duara pamoja na wenzake, nukta zikimuunga na mama, na mstari wake wa damu ukitoka nje ya duara kumfuata baba yake.

Hapo likatokea jambo ambalo sikulipanga. Kaka alikuwa anaufuatisha mstari wa N. kwa kidole: baba yake, babu yake, baba wa babu yake. Akasimama. Akarudi kwenye mstari wake mwenyewe, akapanda majina yaleyale matatu, na jina la tatu likawa ni lilelile. Babu zao walikuwa ndugu. "Maalim, tunakutana huku juu!" alipiga kelele. Wote wawili ni vitukuu wa mzee mmoja. Kalamu ya yule mzee ilikata jina moja ikaishia hapo. Angeandika mawili yaliyofuata, angemrudisha mtoto mezani.

Zile nukta zilihitaji maelezo zaidi, na binti mkubwa alitaka kuyajua yote. Msingi wake ni hadithi mashuhuri kwamba kunyonya huharamisha kile ambacho nasaba huharamisha, na aya ya 23 ya Surat an-Nisaa inawataja mama na dada wa kunyonya pamoja na wale wa nasaba. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipopendekezewa amwoe binti ya Hamza alikataa, kwa kuwa Hamza alikuwa ndugu yake wa kunyonya. Madhehebu yametofautiana juu ya kiasi: Shafii na Hanbali wanataka manyonyo matano, Hanafi na Maliki wanatosheka na hata kidogo, na yote hayo iwe mtoto hajapita umri wa kunyonya. Kwa N., aliyenyonya zaidi ya mwaka tangu akiwa na wiki tatu, tofauti hiyo haina la kubadilisha.

Swali gumu la binti lilikuwa je, nukta zinafika wapi? Zinamfikia mama na watoto wake wote, waliotangulia na watakaokuja. Zinamfikia pia mume wake, maana maziwa yale yametokana na uzazi wake, na kupitia kwake zinawafikia watoto wake wa mke mwingine. Hili limo katika kisa cha Bi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, alipomzuia Aflah asiingie kwake. Aflah alikuwa ndugu wa mume wa mwanamke aliyemnyonyesha Bi Aisha. Bi Aisha akasema, kwa maana, kwamba aliyemnyonyesha ni mwanamke, si mwanamume, na Mtume (s.a.w.) akamwambia amruhusu, kwani ni ami yake. Kwa hukumu hiyo yule binti wa miaka 17, aliyekuwa hata hajaandikwa kwenye karatasi, ni dada wa N. Upande wa pili, nukta hazitoki kwa N. kwenda kwa ndugu zake wa damu. Kaka yake wa tumbo moja, aliyebaki kwa wazazi wa mama yao, hakunyonya katika nyumba hii, kwa hiyo kwa mabinti wa nyumba hii ni mtu baki tu katika mambo ya maharimu, yaani jamaa wasioweza kuoana kamwe. Binti mkubwa aliichora, akaifuta, akaichora tena hadi ikamkaa.

Uamuzi wa tatu ulifuatia hapo, nao haukuwa wangu hata kidogo. Mti ulipofika kwa dada wa baba mmoja, baba alisita, akimchelea mkewe. Mkewe ndiye aliyesema, "Mwandike. Mtoto si talaka." Baadaye aliniambia kwamba ulimi ulisema hivyo na moyo ukabaki nyuma wiki kadhaa.

Nne, silsila ndefu ya mzee. Mzee aliileta, tena kwa nia njema, akitaka watoto wainakili yote hadi kwa babu mtukufu inakoishia. Tulimheshimu, tukamkalisha, tukamsikiliza, tukarekodi sauti yake. Lakini kwenye karatasi za watoto tukaweka sharti: liandikwe jina lenye shahidi aliye hai au maandishi ya wakati wake, pasipokuwa na hivyo pabaki pengo. Nilimkumbusha kwamba hata nasaba ya Mtume (s.a.w.) wanazuoni waliafikiana hadi kwa Adnan, na kutoka hapo kupanda wakatofautiana. Kama pengo halikumvunjia heshima yeye, halitatuvunjia sisi. Mzee hakufurahi. Alinywea kidogo, akasema, "Haya, vijana wa sasa."

La mwisho lilikuwa kuandika ushahidi. Katika Sahih al-Bukhari kimo kisa cha Uqba bin al-Harith, aliyekwisha kuoa ndipo akaja mwanamke akasema kwamba aliwanyonyesha yeye na mkewe. Uqba alisafiri hadi Madina kumwuliza Mtume (s.a.w.), akajibiwa, "Vipi, na hali imeshasemwa?" Wakaachana. Mimi hukitumia kisa hiki kwa wazazi wote wanaonyonyesha watoto wa wenzao: semeni mapema, andikeni mapema. Mama aliandika nani kamnyonyesha nani, tangu lini hadi lini. Akatia sahihi yeye na mumewe, pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakiingia na kutoka nyumbani siku zile. Bibi naye alirekodiwa asubuhi moja akili ikiwa imetulia.

Matokeo

Miezi minane imepita tangu siku ile.

N. hakutulia mara moja. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiamka usiku na kwenda kulala mlangoni kwa wazazi. Alianza pia kumwita mama kwa jina la "mama yangu wa kunyonya", kwa sauti ya kujaribu, akitazama atajibiwaje. Mama alikuwa akiitika tu. Siku moja akarudi kwenye "mama" na hakuna aliyesema kitu. Darasani sasa anaandika jina la baba yake aliyemzaa. Vyeti vya shule bado vina jina la zamani. Baba mlezi ameanza kufuatilia, na ni kazi ya kupanda na kushuka ngazi za ofisi. Baba wa N. alipigiwa, akalia kwenye simu, akaahidi kuja. Hajaja. Ametuma picha mbili za marehemu mkewe, na moja imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la N.

Baba mlezi alitaka kujua hali ya N. kwenye mirathi, tukakaa na kalamu. Tulidhani mfano: afe leo aache mke, mama yake mzazi, mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu, akiwemo yule wa miaka 17. Ukiigawa tarika, yaani mali aliyoacha, mafungu 120, mke anapata thumni (moja ya nane) ambayo ni 15, mama mzazi sudusi (moja ya sita) ambayo ni 20, yanabaki 85: mtoto wa kiume 34, kila binti 17. N. hapati hata fungu moja. Kunyonya hakurithishi, kulea hakurithishi, na kwa damu yeye ni asaba wa mbali, yaani jamaa wa kiume wa upande wa baba, anayezuiwa na mtoto wa kiume. Baba alinyamaza kitambo. Kisha akaandika wasia kwa ajili ya N., akiwa chini ya theluthi, ule mpaka ambao Mtume (s.a.w.) alimwekea Saad bin Abi Waqqas na kumwambia kuwa theluthi nayo ni nyingi. Kabla ya mti, alikuwa akiamini kwamba N. "atapata kama wenzake".

Kitindamimba alivuna kitu kingine kabisa. Aliambiwa aandike watoto wote wa bibi, akamwuliza bibi mwenyewe, na bibi akataja wawili waliokufa wachanga, ambao hata mwanawe hakuwahi kusikia majina yao. Bibi huyu asiyekumbuka amekula nini aliwataja kwa majina na siku. Mtoto akasisitiza waandikwe, tena kwa rangi ya kijani. Wameandikwa.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoharibika

Kosa kubwa ni langu, na nisingependa lipite upesi. Kazi ya kuchora ukoo inaingia ndani ya nyumba za watu na kufungua masanduku. Nilitakiwa kuwaita walezi kabla, niwaambie nitakayouliza, niwape muda wa kusema nami faragha. Sasa hufanya hivyo, na kila mara huja mmoja au wawili wenye la kusema.

Kosa la pili lilitokea hata baada ya kurekebisha. Kaka alileta darasani picha ya silsila ya mzee, na ndani ya siku mbili watoto walikuwa wanapimana mababu. Msichana mmoja ambaye mama yake alisilimu ukubwani aliulizwa kama babu yake ni kafiri. Nilikemea, na kukemea hakukusaidia. Ningetangulia kuwafundisha hadithi ya Muslim inayohesabu kujifaharisha kwa nasaba na kutukana nasaba za watu miongoni mwa mambo ya kijahilia, yaani ya zama za kabla ya Uislamu, na ile isemayo kuwa aliyecheleweshwa na matendo yake hatakimbizwa na nasaba yake, hapo wangekuwa na kipimo mkononi kabla ya kupata kitu cha kupimana. Msichana yule nilimpa kisa cha Asma bint Abi Bakr, ambaye mama yake mshirikina alimtembelea, naye Mtume (s.a.w.) akamwambia aunge udugu naye. Akawaandika babu na bibi zake wote, bila pengo. Lakini dawa ilikuja baada ya jeraha.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni mti kwenda pembeni na kutofautisha mistari. Kiswahili chetu ni karimu mno katika undugu. "Baba mdogo" ni ndugu mdogo wa baba, na ni mume wa mama mdogo pia. Wa kwanza ni maharimu wa binti, wa pili si maharimu wake, na wote wawili anawapa shikamoo ileile na kuwaita jina lilelile. "Kaka" anaweza kuwa wa tumbo moja, wa baba mmoja, wa kunyonya, wa kulea, au mtoto wa shangazi. Ukarimu huo ni mzuri mezani, ila haumfundishi mtoto mipaka. Binti mkubwa alipopaka rangi maharimu wake wote alikuta mume wa mama mdogo yuko nje, na yule mzee wa kalamu, ndugu wa babu, yumo ndani. Hakulipenda lile la pili.

Jambo la kuwataja mama lilizaa faida ambayo sikuitarajia. Karatasi za mwanzo, zenye majina ya wanaume tu, watoto walimaliza kwa nusu saa na kuzisahau. Hizi za pili ziliwalazimu kupiga simu. Huwezi kujua jina la mama wa bibi yako bila kumwuliza mtu, na ukishampigia mtu umeshaunga udugu, hata kama ulichotaka ni kumaliza kazi ya Maalim.

Je, ilikuwa sawa N. aambiwe akiwa na miaka 9? Swali hili naulizwa sana. Nadhani miaka 9 ilikuwa imechelewa. Mtoto anayesikia tangu akiwa na miaka mitatu kwamba ana mama aliyemzaa na mama aliyemnyonyesha hukua na habari hiyo kama anavyokua na jina lake. Haiwi siri ya kukatwa kwa kalamu na mgeni. Wazazi walinyamaza kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyompa mzee nafasi ya kuwa wa kwanza kusema.

Na mzee? Wengi wanaosikia kisa hiki humlaumu yeye peke yake. Alichosema kilikuwa kweli na kilikuwa ndiyo hukumu. Alikosea mahali, wakati na sauti. Amekuja mara mbili tangu hapo, na mara ya pili alimletea N. jina la baba wa mama yake, alilolitafuta kwa watu. Hakuomba radhi, alimkabidhi karatasi tu.

Dada wa miaka 17 ndiye wa mwisho kuingia. Baba alimpelekea nakala ya mti, mahali pake pakiwa tayari, akamwomba ajaze upande wa mama yake. Hakujaza. Aliurudisha, na pamoja nao akaleta mti wake mwenyewe, alioanza kuuchora, alisema, tangu akiwa na miaka 12. Katikati ya karatasi yupo yeye. Mama wa kambo yumo, watoto wote wa nyumba hii wamo na miaka yao, kitindamimba amekosewa mwezi mmoja tu. N. naye yumo. Ameandikwa chini ya baba yake mzazi, na kutoka kwake mstari mwembamba wa kukatika unakwenda kwa mama wa kambo, na pembeni kwa mwandiko wa mtoto: "alinyonya huku". Bibi alimwambia zamani, alipokuwa akienda kumtembelea.